Mstari wa Unga Chini ya Ukuta

Katibu wa ushirika wetu wa mafundi wa karo, ndivyo tunavyoita vigae huku kwetu, ameniomba niandike miaka yangu ya kazi kabla sijaanza kuisahau. Aliniambia, "Muzee, andika kazi, usiandike sifa zako." Nilimwahidi kwamba nitajaribu. Lakini mtu aliyesoma ufundi miaka mitatu Léopoldville, mji mkuu wa wakati ule, na kurudi na diploma yenye muhuri, wakati wenzake wengi walikuwa wakichovya kidole kwenye wino ili wapokee mshahara, sifa zinamwingia zenyewe kama vumbi la simenti kwenye nywele. Sikuwa na mjomba padri wala baba karani. Baba yangu alikuwa akibeba matofali kwenye tanuri. Nilipofika nilifika kwa miguu yangu.

Nilirudi mjini mara baada ya vita vikuu vya pili, wakati mji wetu ungali ukiitwa Élisabethville. Nilisafiri kwa meli ya mto, kisha kwa treni, na njia yote diploma ilikuwa ndani ya bomba la bati nililolifunga kwa nta ili unyevu usiingie. Nilikuwa na suti moja, pimamaji moja ya mbao na shaba, na mwiko wa Kibelgiji ambao bado ninao. Kesho yake nikaenda kwa mkandarasi mmoja Muitaliano aliyekuwa akijenga mabafu ya nyumba za wazungu. Aliitazama diploma yangu mbele, akaigeuza akatazama nyuma, akaniuliza kama upande ule hakuna kitu. Kisha akanipeleka kwa Ngoie.

Ngoie ndiye mtu nitakayemsema zaidi katika kurasa hizi, kwa hiyo ni lazima mumjue. Alikuwa mtu wa kaskazini ya Katanga, mwana wa mtu aliyelaza reli, mrefu, mwenye magoti makubwa kwa sababu ya kupiga magoti miaka kumi na miwili juu ya sakafu za watu. Hakujua kusoma hata jina lake. Alikuwa amepiga magoti ndani ya bafu aliponiona na suti yangu.

"Karibu, Diplomé," akasema, na jina hilo halikunitoka tena. "Unajua kuchanganya simenti?"

"Najua kuchora mupango ya dushi muzima, na bomba zake zote."

"Muzuri. Simenti iko pale."

Nikachanganya simenti miezi minne. Ninyi vijana mnaolalamika kuchanganya kwa wiki mbili, someni sentensi hiyo tena.

Nitawaambia ni kitu gani kilichoniuma, maana hakikuwa simenti. Hata nilipoanza kulaza karo, kila jioni patron, yule Muitaliano, alipita kukagua kazi. Akifika kwangu alitoa pimamaji mfukoni, akailaza juu ya karo zangu, akainama, akaangalia kile kiputo cha hewa. Akifika kwa Ngoie alipita moja kwa moja, mikono nyuma. Hakuitoa hata siku moja. Niliwahi kungoja Ngoie aende kula, nikaweka pimamaji yangu mwenyewe juu ya kazi yake, ukuta kwa ukuta, kona kwa kona, nikitafuta kosa. Kiputo kilikaa katikati kama kimegandishwa. Nilikosa hamu ya chakula siku hiyo, na mama mmoja aliyekuwa akituuzia bukari, ugali wetu, akaniuliza kama ninaumwa.

Kazi yake nilijifunza kwa kuiba na macho, kwa kuwa sikuweza kumwuliza. Karo za ukutani alizilaza ndani ya maji toka asubuhi, zikinywa, ili zisije zikainyang'anya simenti maji yake na kuiacha unga mtupu. Karo ikishashikwa aliigonga kwa mpini wa mwiko akasikiliza: sauti nene, imeshika; sauti ya debe, aliing'oa bila kujadiliana. Mteremko wa sakafu kuelekea tundu la maji aliupa upana wa kidole kwa kila urefu wa mkono, na hakutumia kamba. Alimwaga kikombe cha maji akayatazama yanakwenda wapi.

Lakini yaliyomfanya Ngoie awe Ngoie ni mambo mawili, na yote mawili yako chini ya karo, mahali ambapo mwenye nyumba haoni. La kwanza ni magunia. Kabla ya kulaza karo, alichemsha lami ndani ya pipa uani, akachovya magunia ya zamani ya unga, akayalaza yakiwa moto juu ya sakafu ya bafu, moja likilalia lingine upana wa kiganja, na pembeni akayapandisha ukutani mpaka usawa wa goti, bila kukata kwenye kona. Alikunja kona kama mama anavyokunja nepi. Mimi nilifundishwa Léopoldville kwamba maji yanazuiwa kwa simenti yenye dawa ya unga, tabaka tatu, zinazosuguliwa mpaka zing'ae. Magunia niliyaona kuwa kazi ya watu wasiosoma.

La pili ni kipimo. Magunia yakipoa, aliziba tundu la maji kwa kitambaa na udongo, akajaza bafu maji mpaka kizingitini, akaenda chumba cha upande wa pili wa ukuta. Pale chini, sakafu inapokutana na ukuta, alimwaga mstari mwembamba wa unga wa mahindi, kutoka kona mpaka kona. Akauacha siku mbili. Maji yakipita, hata yale ambayo jicho halioni na kiganja hakisikii, unga unashikana vidonge. Usiposhikana, unaweza kulaza karo na kulala usingizi. Niliuona mstari ule katika nyumba zaidi ya ishirini. Naomba mkumbuke kwamba niliujua, maana sasa ninafika mahali pabaya.

Katika cité ya Kenya, mtaa wa Waafrika wa mji wetu wala si nchi ile, alikaa karani mmoja wa Kasai, Monsieur Tshibangu, mtu wa miwani na tai hata siku ya Jumamosi. Alikuwa mmoja wa Waafrika wachache wa mtaa ule waliokuwa na bafu ndani ya nyumba: pipa juu ya paa, bomba moja la kuteremsha maji, na sakafu ya simenti iliyokuwa imeoza. Tulikuwa pamoja katika klabu ya wasomi, tukicheza dama na kusoma magazeti. Mwaka ule yeye na mimi tuliandika barua kuomba ile kadi waliyopewa watu waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Nyinyi hamkuiona, shukuruni. Kabla ya kuipata, kamisioni ilikuja nyumbani kwako: wazungu wawili na padri mmoja, wakafungua makabati, wakahesabu uma na visu, wakamwuliza mke wako maswali, na mwisho wakaomba kuona unaoga wapi.

Barua ya Tshibangu ilijibiwa. Kamisioni itakuja Desemba. Yangu haikujibiwa. Mimi nilikuwa na diploma, yeye alikuwa na miwani.

Akaamua kulifanya upya bafu lake. Nilingoja aniite. Pale klabu nilitaja bafu mara tatu kwa jioni moja, nikieleza karo nyeusi na nyeupe zinavyopangwa katika nyumba za Léopoldville. Alinisikiliza kwa adabu. Jumamosi iliyofuata nikasikia amemwita Ngoie, kwa kuwa patron alituruhusu kazi za pembeni Jumamosi mchana. Nilipouliza kwa nini, Tshibangu alinijibu akipanga dama zake, "Banasema dushi ya Ngoie haivujake."

Ilikuwa Oktoba, joto lile la kabla ya mvua ambalo hapa linawafanya watu wema wagombane. Jumapili baada ya misa nilipita kwa Tshibangu kumsalimia. Aliniketisha saloni. Na pale, chini ya ukuta uliotenganisha saloni na bafu, chini ya picha ya ndoa yao, ulikuwa mstari mweupe, kutoka kona mpaka kona. Niliutazama vizuri. Unga ulikuwa mkavu kabisa, mwepesi kama ulivyotoka kwenye kikombe. Upande wa pili wa ukuta, bafu lilikuwa limejaa maji toka jana. Kazi ya Ngoie ilikuwa ikipita mtihani wake, na hakuna aliyelijua hilo kuliko mimi.

Sikusema uongo. Nimejitetea kwa maneno hayo miaka mingi, kwa hiyo nayaandika. Niliuliza tu.

"Monsieur Tshibangu, iko nini hii mweupe?"

"Ah. Njo Ngoie aliweka. Kesho atatosha, atafagia yote."

"Aliweka." Nikainama kuutazama. "Kwetu bazee banawekaka pemba vile. Ku mulango, chini ya kibambazi. Ya kuita bafu."

Kwa wasioelewa: pemba ni ule udongo mweupe wa mizimu, kibambazi ni ukuta, na bafu, kwa Kiswahili chetu cha hapa, ni wafu; chumba cha kuogea sisi tunakiita dushi. Waluba wa Kasai na wa Katanga wanaujua udongo ule sawasawa, na mtu aliyebatizwa anaujua zaidi. Nilimwona Tshibangu akivua miwani na kuifuta.

"Ngoie iko mukristu," akasema.

"Iko. Mie siseme kitu. Niko nafikiri tu padri wa kamisioni."

Mke wake, mama Philomène, alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya kahawa. Aliiweka mezani, akanitazama muda mrefu kuliko mgeni anavyotazamwa, akarudi jikoni. Kabla sijamaliza kikombe Tshibangu alikuwa ameshika ufagio kwa mikono yake mwenyewe, na tai shingoni.

Jumatatu Ngoie alikwenda kuangalia unga wake akaambiwa asante, kazi imekwisha. Hakuelezwa kwa nini. Kazini alisema neno moja tu: "Bakasai ni bantu ya haraka." Akaendelea kugonga karo zake. Mimi nilikuwa nyuma yake nikilaza zangu, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata hata siku ya kupewa diploma. Ilikaa tumboni kama chakula kizito.

Tshibangu akanipa mimi kazi ile, na Jumamosi nikaanza. Kitu cha kwanza nilichofanya, niling'oa magunia yote. Hakuna aliyeniambia niyang'oe. Sikutaka kazi ya mikono yake iwe chini ya karo zangu. Ilinichukua mchana mzima na patasi, kwa kuwa yalikuwa yameshika sakafu kama ngozi inavyoshika mnyama, na fundi mwenye akili angejiuliza kwa nini kitu kinachong'oka kwa shida hivyo king'olewe. Nikapiga simenti na dawa yangu, tabaka tatu, nikasugua mpaka nikaona kivuli cha uso wangu. Kipimo cha maji sikufanya. Kumwaga unga nisingeweza tena katika nyumba ile, na kipimo kingine sikukijua.

Kisha nikalaza karo, na hapa mtaniacha nijisifu. Ukutani nyeupe mpaka juu ya kichwa cha mtu mrefu. Sakafuni nyeusi na nyeupe, zikiwa zimelala mshazari, na mistari yote ilikutana kwenye tundu la maji bila karo hata moja kukatwa chini ya nusu. Nilihesabu na kuchora siku tatu kabla ya kugusa mwiko. Majirani walikuja kutazama wakivua viatu mlangoni. Tshibangu alimwambia kila mtu pale klabu kwamba hiyo ndiyo kazi ya mtu aliyesoma. Nilikula maneno hayo mwezi mzima.

Novemba mvua ikaanza. Sasa sikilizeni jambo la ufundi. Léopoldville nilikojifunza nyumba inakaa juu ya mchanga, na mchanga unalowa bila kusogea. Hapa nyumba za cité zilijengwa kwa matofali ya udongo wa vichuguu, juu ya udongo uleule. Miezi sita ya ukavu unakauka na kujikunja. Mvua ya kwanza unavimba. Nyumba inapumua. Haitembei sana, unene wa ukucha tu, lakini simenti haijui kupumua. Gunia lenye lami linajua. Ngoie hakuweza kuwaeleza jambo hili kwa maneno haya, ila magoti yake yalikuwa yanalijua.

Siku tisa kabla ya kamisioni, mama Philomène alikuja mwenyewe mpaka mahali tulipokuwa tukifanya kazi. Alisimama mbali na wengine, akaniita kwa mkono.

"Diplomé, ukuya uone saloni."

"Iko nini, mama?"

"Utaona. Maneno haitakausha."

Nikaenda. Chini ya picha ya ndoa kulikuwa na doa la unyevu, upana wa sinia, na rangi ya ukuta ilikuwa imevimba kama malengelenge. Niliinua karo mbili pembeni mwa bafu. Simenti yangu ilikuwa imepasuka pale sakafu inapokutana na ukuta, ufa mwembamba kama unywele, ulionyooka kutoka kona mpaka kona. Niliupanua kwa patasi, nikaujaza simenti mpya, nikawaambia wasioge siku mbili. Siku ya tatu mvua ilinyesha usiku kucha na ufa ukarudi, palepale, na jirani yake mwingine. Doa likawa kubwa kuliko picha. Tshibangu alikaa kitini akilitazama, amevua viatu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, kwa sauti ndogo, kama nafikiri kabati linaweza kusimamishwa pale.

"Kamisioni inasukumaka makabati," akajijibu mwenyewe. "Kwa Mutombo wa klabu balisukuma."

Zilikuwa zimebaki siku sita. Usiku ule niliipindua diploma yangu kichwani, kila somo, kila ukurasa. Asubuhi nikaenda kwa Ngoie.

Alikuwa uani kwake akitengeneza mnyororo wa baiskeli. Mkewe alinipa kigoda. Nilimweleza ufa, mvua, doa, siku sita. Alinisikiliza bila kuacha mnyororo.

"Na magunia yangu?"

"Niliyang'oa."

"Yote?"

"Yote."

Akatikisa kichwa polepole. "Wee uko na nguvu, Diplomé. Mie nisingeweza kuyang'oa." Mkewe akacheka ndani ya nyumba. "Na juu ya nini bananifukuza? Miezi miwili niko najiuliza. Nilizani labda nilimutazama bibi yake vibaya. Siko muntu ya kutazama bibi ya bantu, ona sura yangu."

Nikamwambia. Neno kwa neno, kama nilivyowaandikia hapo juu. Mikono yake ikasimama. Cheko la ndani ya nyumba nalo likasimama. Nilifikiri atanipiga na ule mnyororo, na ninawaambia kweli, ningependelea.

"Ulijua ni kipimo," akasema.

"Nilijua."

"Padri angesikia, watoto yangu bangefukuzwa ku masomo."

Hilo sikuwa nimelifikiri. Katika wivu wangu wote sikuwa nimefika mpaka kwa watoto wake.

Alisimama, akafuta mikono. "Nitakuya. Dushi haina kosa. Lakini wee utatangulia. Utasema kwa Tshibangu ile nyeupe ilikuwa nini, bibi yake akiwa pale, mie nikiwa pale. Ukimaliza kusema, nitawasha moto ya lami. Usiposema, nitarudia ku mulango."

Tulikwenda pamoja, yeye akisukuma baiskeli, mimi nikibeba pipa. Tshibangu alitupokea saloni, chini ya doa. Nilibaki nimesimama. Nilisema ulikuwa unga wa mahindi, wa kupima maji, kwamba nimeuona katika nyumba nyingi na niliujua vema siku ile, kwamba ulikuwa mkavu, na kwamba nilitaja pemba kwa sababu nilitaka kazi. Nilianza kwa Kifaransa, maana katika Kifaransa aibu inavaa koti. Ngoie akasema, "Kiswahili, Diplomé. Nasikia vibaya." Nikarudia kwa Kiswahili.

Tshibangu aliinua macho akatazama doa. Mama Philomène ndiye aliyesema, akitazama mume wake.

"Ile unga ilikuwa yangu. Aliniomba kikombe moja, nikamupatia. Nilimwaga naye pamoja."

"Na ulinyamaza?" mumewe akamwuliza.

"Haukuniuliza. Uliuliza Diplomé."

Ngoie alitoka nje kuwasha moto. Nilimfuata kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Siku tano zile, tulizoombea ruhusa kwa patron, zilikuwa shule yangu ya kweli, na hakuna muhuri uliotolewa. Nilivunja sakafu yangu nzuri kwa mikono yangu. Ngoie alikataa kuigusa, alisema aliyeilaza ndiye aivunje. Nilichochea lami, nilichovya magunia, niliungua vidole viwili. Alinionyesha kona mara tatu: usikate, kunja, bonyeza kwa kitambaa chenye maji. Nilipokunja vibaya alifungua, akaniacha nirudie. Karo nyeupe arobaini zilikuwa zimepasuka katika kuvunja na madukani aina ile ilikuwa imekwisha. Nyumbani kwangu nilikuwa na masanduku mawili, niliyoweka kwa ajili ya bafu langu mwenyewe siku kamisioni itakaponijibu. Niliyaleta kwa mkokoteni. Maji yakajazwa. Mama Philomène alileta kikombe cha unga bila kuombwa, akamwaga mstari mwenyewe, mbele ya majirani waliokuwa dirishani, akiwaeleza kwa sauti kubwa ni kitu gani. Tulipiga magoti wanne tukatazama unga siku mbili, kama watu wanaotazama mtoto mwenye homa. Haukushikana. Ndipo tukalaza karo, mchana na usiku.

Kamisioni ilikuja saa nne asubuhi, na mvua ikinyesha. Mimi sikuwapo, lakini nilisimuliwa na mama Philomène mara nyingi kiasi kwamba naweza kusema nilikuwapo. Walihesabu uma. Walisukuma kabati. Padri alifungua maji ya bafu akayaacha yatiririke akiendelea kuongea. Mmoja wa wale wazungu, aliyekuwa mkubwa wa majengo ya hospitali moja, alipiga goti juu ya sakafu na suruali yake safi, akagonga karo kwa funguo, akasikiliza. Akauliza ni mzungu gani alifanya kazi hii.

"Ngoie," akajibu Tshibangu. "Hana diploma, bwana. Iko na magunia." Yule mzungu akaandika jina.

Tshibangu alipata kadi yake. Mimi barua yangu haikujibiwa mpaka leo, na ofisi ile haipo tena, kwa hiyo nimeacha kungoja. Niliposikia jina la nani limeandikwa, nililala siku nzima na uso ukutani. Mistari ile ya mshazari iliyokutana tunduni ilikuwa yangu. Nilichora mimi, nikaichora upya siku tano zile. Nilitaka mtu aniambie kwamba alimwambia mzungu habari ya mistari. Hakuna aliyemwambia.

Wiki mbili baadaye Ngoie alibisha mlangoni kwangu. Kwapani alikuwa na karatasi kubwa zilizoviringishwa. Walikuwa wamemkabidhi mabafu yote ya jengo jipya la ile hospitali, na walimpa michoro.

"Diplomé, hii inasema nini?"

Nilizikunjua mezani. Ilikuwa michoro mizuri, kama ile tuliyochora shuleni. Alinitazama ninavyosoma, na nilielewa kwamba mtu yule asingeweza kujua kama nasoma kweli au nasoma uongo. Kidole kimoja kikisogea pabaya, bomba moja likihesabiwa kushoto badala ya kulia, na hospitali nzima ingevuja kwa jina lake.

"Unajua ninaweza kukudanganya hapa," nikamwambia.

"Najua."

"Basi juu ya nini ulikuya kwangu? Mujini kuko bengine banasoma."

Alikaa kitini bila kuambiwa. "Bengine bananipendaka. Muntu anayekupenda haonake kosa yako. Wee unanionea wivu toka siku ya kwanza. Uko unapima kazi yangu nikienda kula, unazani sijui? Kiputo ilikuwa wapi?"

"Katikati," nikasema.

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Njo hivi. Nataka muntu ya kutafuta kosa yangu mu dushi makumi tatu, na asichoke. Ginsi ya wivu yako, hautachoka."

Nikamsomea karatasi zote, mstari kwa mstari, hata mahali ambapo mchoraji mwenyewe alikuwa amesahau mteremko. Jumatatu nikaanza kazi chini yake, mimi na diploma yangu, na nilikaa chini yake miaka tisa. Kila jioni alipokwenda kunawa nilibaki nyuma na pimamaji, kikombe cha maji na unga, nikimtafutia kosa kwa moyo wote.

Katika miaka ile tisa nilipata makosa manne. Kila mara nilimwita, akaja, akapiga magoti, akavunja, akalaza upya. Nayakumbuka yote manne, jengo, chumba na kona, na mkija nyumbani kwangu nitawapeleka niwaonyeshe.